Kabla ya Kuandika Ombi la Ruzuku



Nachingwea inazijua fedha za wageni. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zilitumika pauni zipatazo milioni 36. Januari 1951 mradi ukaachwa, na reli iliyojengwa hadi Mtwara haipo tena. Fedha hazikupungua. Mvua na udongo havikupimwa vema, wala wenyeji hawakuulizwa.

Basi tunapoziandikia taasisi za hisani, kama ile Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, tusianze na bajeti. Tuketi kwanza na kijana wa Ruangwa aliyeacha shule, abanguaye korosho kwa ujira wa siku, tumwulize amekosa nini: ada ya VETA, cherehani, au nauli tu. Mara nyingi, nasema kwa huzuni, ombi la vijana huandikwa na wazee wanaotaka gari.

Ndipo tuambatanishe cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa na mchango wetu wenyewe, hata ukiwa magunia machache ya korosho. Na katika kamati itakayotia saini hundi, wawemo vijana wawili.