Fidia ya Ajali kwa Mtu Mwenye Madeni: Mafungu Yaandikwe Kabla ya Sahihi

Mada kwa semina ya wasaidizi wa kisheria wa Handeni na Korogwe



Nimepewa nusu saa. Maana za maneno nitazipitia mbiombio, kwa kuwa wengi wenu mnazifundisha huko vijijini kila wiki.

1. Maana

Fidia ni pesa anayolipwa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine. Kwa ajali za barabarani tunategemea Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inayomlazimu mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu. Dai la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kufilisika kwa mtu binafsi kunaongozwa na Sura ya 25: ombi linapelekwa Mahakama Kuu, mali inakwenda kwa mfilisi, wadai wanagawana kwa uwiano, na mwisho mdaiwa anafunguliwa akaanze upya. Kazi za ufilisi upande wa serikali ziko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambayo huku kwetu watu wanaijua kwa vyeti vya kuzaliwa. Mfanyakazi wa mkonge aliyenaswa na mashine ya korona kule Ngombezi au Magoma njia yake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wenye masharti yake. Hiyo iwe mada ya siku nyingine.

2. Hali ilivyo

Barabara kuu inatupasua katikati: Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo. Februari 2023 pale Magila Gereza familia iliyokuwa ikisafirisha maiti kwenda Rombo ilipata ajali iliyotikisa nchi nzima. Ajali za aina hiyo hutangazwa. Wanaofika kwenye meza zetu ni wale wasiotangazwa, na wengi ni bodaboda.

Pikipiki yenyewe mara nyingi ni ya mkataba. Kijana amelala na chuma mguuni, hesabu ya kila siku bado inadaiwa. Mahindi yanauzwa kabla ya bei kupanda. Yakiisha wanaingia mikopo ya kausha damu, wengine kwa mkono, wengine kwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, lakini aliyekwisha kukopa huko bado anapigiwa simu, yeye na mama mkwe wake. Siku kampuni ya bima inapomwita, anakwenda na wadai wake kichwani. Atatia sahihi chochote.

3. Karatasi ya malipo ya mwisho

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipokwama kwa miaka.

Hiyo dischaji vocha mnaijua. Ukurasa mmoja, aghalabu kwa Kiingereza. Jina, namba ya dai, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sentensi inayosema malipo ni kamili na ya mwisho, kisha mstari wa sahihi au dole gumba. Kiasi ni kimoja tu. Tuseme ni sh. 12,000,000. Ndani yake mna sh. 3,000,000 za matibabu, sh. 4,000,000 za kipato kilichopotea, na sh. 5,000,000 za maumivu na ulemavu wa kudumu. Mezani mafungu hayo yalijadiliwa moja moja, wakati mwingine kwa ukali. Kwenye karatasi hayamo.

Yana uzito gani? Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inakataza kukamata haki tupu ya kudai fidia. Basi dai likiwa bado dai, mdai mwenye hukumu haligusi. Pesa ikiingia kwenye akaunti, kinga hiyo imekwisha: ni pesa kama ya kuuza ng'ombe mnadani, na benki inaweza kuamriwa kuizuia.

Katika ufilisi mambo ni mapana zaidi. Mwaka 1849, katika shauri la Beckham v. Drake, majaji wa Uingereza walikubali kwamba haki ya kudai fidia inayopimwa kwa maumivu ya mwili na akili ya mtu mwenyewe haiendi kwa wadai wake. Katika Ord v. Upton, shauri lililoripotiwa mwaka 2000, Mahakama ya Rufani ya huko ilisema dai lenye mchanganyiko linakwenda lote kwa mfilisi, ila fungu la maumivu analishika kwa niaba ya aliyeumia. Sheria yetu, Sura ya 358, ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Shauri la 1849 limo ndani ya mpaka huo. Lile la 2000 linatushawishi tu. Hoja ya kumwekea mlemavu sehemu yake ipo, tena ina mizizi.

Lakini utaitetea vipi mbele ya mfilisi ukiwa na karatasi yenye tarakimu moja? Atakuuliza maumivu ni shilingi ngapi, nawe utabaki kusimulia yaliyosemwa mezani.

Nimeomba mafungu yaandikwe katika ofisi za bima zaidi ya moja. Majibu ni ya adabu: fomu imetoka makao makuu, haina nafasi. Sikusudii kulaumu taasisi yoyote. Ila Sura ya 169 haikatazi kubana kiambatisho kwa pini.

4. Mapendekezo

(a) Mafungu yaandikwe. Vocha ikikosa nafasi, kiandikwe kiambatisho cha Kiswahili, kisainiwe siku hiyo hiyo na pande zote mbili.

(b) Kabla ya sahihi, mteja aulizwe madeni yake yote, pamoja na ya simu. Tunauliza fomu za polisi, PF3 na PF90, na kusahau hili. Akiwa amelemewa, ushauri wa wakili kuhusu Sura ya 25 utangulie malipo, kwa kuwa kusubiri au kupokea kwanza kunabadilisha matokeo.

(c) Mteja asimlipe shemeji anayemdai peke yake akawaacha wadai wengine, kisha akaenda kuomba ufilisi. Malipo ya upendeleo yanaweza kutenguliwa na shemeji akatakiwa kurudisha. Kuhamishia pesa kwenye simu ya mama ili zisionekane ni kosa la jinai.

(d) Risiti za hospitali, za nauli na za dawa zitunzwe pamoja, na ripoti ya daktari itaje ulemavu kwa asilimia. Bila hivyo mafungu ya (a) yatakuwa ya kubuni.

(e) Mkopeshaji anayetishia kuita polisi ajibiwe kwamba deni ni madai. Kifungo cha madai kipo, lakini hakitoki kwa polisi wala kwa mtendaji wa kata.

(f) Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iombwe rasmi kuagiza vocha zote ziwe na mafungu na ziwe kwa Kiswahili. Ni kurudia (a), najua.

(g) RITA iombwe kuleta ofisa Chanika na Korogwe mjini walau kwa msimu. Ombi la ufilisi linaanzia Mahakama Kuu Tanga, na mtu wa magongo hafiki huko kwa bodaboda.

(h) Mafungu yaandikwe.

Rasimu ya kiambatisho iko kwa katibu wa semina, ukurasa mmoja. Naomba kila kata ichukue nakala kabla ya chakula cha mchana, na ianze kuitumia kwa dai litakalofuata.