Kabla ya Kufika Irente: Sanaa ya Kuta za Lushoto katika Matembezi ya Kuongozwa



Mgeni anayepanda kutoka Mombo kuja Lushoto hupita Soni, huyaona maporomoko kando ya barabara, na anaposhuka stendi tayari ana safari yake kichwani: msitu wa Magamba, ukingo wa Irente, vijiji vya Mtae na Mambo kule juu. Mwongoza watalii humpokea, humpitisha mjini kwa haraka, na maelezo huanza pale nyumba zinapokwisha. Tumezoea hivyo tangu utalii wa utamaduni ulipoanza kupangwa nchini mwaka 1995 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, Usambara ikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Mpango ule ulitusaidia sana. Vijana wetu walijifunza kueleza matuta, miti ya dawa, habari za watawala wa Vuga na majengo ya Wajerumani waliouita mji huu Wilhelmstal. Mji wa leo, wenye watu wanaouza, wanaonyoa, wanaoshona na wanaoandika kuta, haukuingia katika maelezo hayo.

Ninachotetea katika mada hii ni kwamba saa ya kwanza ya matembezi ibaki mjini, kwenye kuta, na kwamba fundi aliyezichora atajwe kwa jina na apate fungu lake. Nasisitiza hilo la pili kwa sababu bila hilo sioni sababu ya kulifanya la kwanza.

Kilichopo ukutani

Tukisema sanaa ya mtaani, wengi hufikiria rangi za makopo za kupuliza na michoro mikubwa ya London au Berlin. Kwa kipimo hicho Lushoto haina kitu. Lakini tazama kibanda cha kinyozi. Kuna vichwa vitatu au vinne vilivyochorwa kwa upande, mstari wa nywele umenyooka kama umekatwa kwa wembe, shingo inaingia kwenye kola nyeupe na kola inaishia hapohapo, bila mabega. Bucha ina ng'ombe wake, anayemtazama mteja usoni. Kwa fundi cherehani kuna mwanamke mwenye gauni la mikono mipana. Lori la mboga linaloshuka na kabeji kwenda Dar es Salaam lina neno la dua mbele na neno la kijembe nyuma. Yote hayo yamefanywa kwa mkono, na mtu mwenye brashi tatu, kopo la rangi ya mafuta na chupa ya thina.

Kazi ya mtu huyo inastahili kuelezwa kwa mgeni kama tunavyomweleza namna tuta linavyokatwa. Kwanza hupaka ukuta rangi nyeupe na kuuacha ukauke. Kisha huchukua uzi uliopakwa vumbi la chaki, huukaza kutoka pembe moja hadi nyingine, huuvuta kidogo na kuuachia. Uzi unapiga ukuta na kuacha mstari. Hapo ndipo huhesabu herufi na kugawa nafasi, kwa sababu neno kama VINYWAJI lisipohesabiwa mapema, herufi zake za mwisho hubanana kwenye kona ya mlango. Herufi hujazwa kwa brashi pana, na kivuli chake hutiwa kwa brashi nyembamba upande mmoja tu, kana kwamba jua la Lushoto halihami. Fundi mzuri hutambulika kwa kivuli. Ukizunguka mjini kwa makini utaanza kujua kuta zipi zimeandikwa na mkono mmoja, na mwongoza watalii aliyefika hapo ana jambo la kusema ambalo halimo katika kitabu chochote cha wasafiri.

Nawaomba muutazame pia ule mkanda wa rangi ya kahawia au nyeusi unaozunguka nyumba nyingi huku chini, usawa wa goti. Mvua ya masika inadunda kwenye udongo mwekundu na tope linaruka ukutani. Mkanda unaficha tope. Kwa hiyo picha zetu zote huanzia juu ya goti, na mchoraji wa mlimani hujifunza mapema kwamba sehemu ya chini ya ukuta ni ya mvua. Mgeni akiambiwa hilo, ataelewa hali ya hewa, udongo na ujenzi kwa mara moja, akiwa amesimama mbele ya duka la sukari.

Ukoo wa kazi hii

Nchi yetu ina historia ndefu ya kuchora mahali ambapo wengine watapita na kuona. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Usukumani, mafundi wa nyoka walichora ndani ya nyumba zao za mafunzo, na Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953.

Halafu yupo Edward Saidi Tingatinga, ambaye kwa watu wa Tanga ana uzito wa pekee. Alizaliwa mwaka 1932 kusini, upande wa Tunduru, na kabla ya kuwa jina kubwa la sanaa Dar es Salaam alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge mkoani kwetu. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao laini za dari, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Polisi walimpiga risasi kwa makosa mwaka 1972, akafa baada ya miaka michache tu ya kazi. Wanafunzi na ndugu zake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, ambacho bado kinafanya kazi Oysterbay. Duniani kote watalii wananunua Tingatinga kwa kuwa ni sanaa ya Tanzania. Rangi aliyoitumia na ile anayotumia fundi wa mabango wa Lushoto ni za jamii moja, na hata dukani zinakaa kwenye rafu moja na misumari na kufuli. Mmoja tumempa nafasi katika makumbusho. Mwingine hatujawahi hata kumuuliza jina.

Jirani zetu wa Kenya wametupa somo kuhusu udhaifu wa sanaa ya namna hii. Matatu za Nairobi zilipakwa michoro kwa ustadi mkubwa hadi kanuni mpya za usafiri za mwaka 2004, zilizojulikana kwa jina la waziri John Michuki, zilipoagiza rangi moja na mstari wa manjano. Vijana wengi wakakosa kazi. Miaka 10 baadaye Rais Uhuru Kenyatta akataka michoro iruhusiwe kwa kuwa inawapa vijana ajira, nayo ikarudi kwa nguvu. Ufundi ule ulinusurika kwa sababu ulikuwa umetia mizizi katika jiji kubwa. Mji mdogo kama wetu una mafundi wachache. Wakiacha wawili, kazi imekwisha.

Kinachozifuta kuta

Hapa sihitaji kuzungumzia sheria, kwa sababu kinachozifuta kuta zetu ni biashara. Kampuni kubwa humwendea mwenye duka na kumwahidi kumpakia nyumba bure. Mwenye duka anakubali, na nani atamlaumu? Rangi ni ghali na ukuta umechakaa. Siku ya pili nyumba nzima ni ya rangi moja, kuanzia mkanda wa chini hadi bati, na jina la kampuni limeandikwa mara tano huku jina la mwenye duka likibanwa juu ya mlango. Pili ni mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Yanatoka haraka, yana picha za kompyuta, na mteja anadhani ni maendeleo. Jua la mlimani na mvua huyapausha, yakapasuka, lakini mwenye duka akishazoea hurudi kuchapisha jingine.

Fundi aliyesukumwa pembeni hubaki na kazi mbili ambazo mashine haijazichukua. Anaandika majina na tarehe kwenye misalaba ya makaburi, na anachora kuta za shule za msingi: ramani ya Afrika, mfumo wa chakula, mchoro wa moyo wenye mishale myekundu na ya bluu. Kuta hizo za shule ni sanaa ya mtaani ambayo imefundisha watoto wengi kuliko vitabu vichache vilivyokuwa kabatini, na sijui kwa nini hatumpeleki mgeni kuziona, kwa idhini ya mwalimu mkuu na baada ya vipindi.

Namna ya kuongoza

Wako wenzetu wa mbali walioijaribu njia hii. Mtaa wa Comuna 13, huko Medellín nchini Colombia, umekaa kwenye mteremko mkali kama vitongoji vyetu vingi. Mwaka 2002 ulikuwa uwanja wa operesheni kubwa ya kijeshi. Leo wageni hupandishwa humo na vijana waliozaliwa humo, wakielezwa michoro ya kuta na maana yake kwa wakazi, na ngazi za umeme zilizofunguliwa mwaka 2011 ni sehemu ya safari. Kilichonivutia ni nani anaongoza. Anayesimulia ukuta ni jirani wa ukuta. Philadelphia, Marekani, nako mpango wa michoro ya ukutani ulioanza mwaka 1984 uliwachukua vijana waliokuwa wakikamatwa kwa kuchafua kuta, ukawapa brashi na kazi halali.

Kwetu, napendekeza matembezi yaanzie stendi, yaingie sokoni, yapite vibanda vya mafundi, kisha yashike njia ya Irente. Siku ya gulio mji unajaa wakulima kutoka vijijini na kuta hazionekani vizuri kwa watu na mizigo, ila siku hiyo ndiyo yenye malori, na maandishi ya malori ni somo la peke yake. Mwongoza watalii achague kuta chache, nne au tano, akae nazo. Mbele ya kila ukuta kwanza asalimie mwenye nyumba. Shikamoo iliyotolewa mbele ya mgeni inamfundisha mgeni zaidi ya maelezo ya dakika kumi. Picha zisipigwe kabla ya salamu, na sura ya mtu isipigwe kabla ya ruhusa. Maneno ya Kiswahili yaliyo ukutani yafasiriwe pamoja na kijembe kilichomo, maana mgeni asiyejua lugha huona herufi nzuri tu.

Wageni wetu si Wazungu peke yao. Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapa Lushoto huleta watu kutoka mikoa yote, na wengi huondoka wakiwa wamepiga picha ya bonde tu. Wao watazielewa kuta hizi upesi kuliko mtu yeyote.

Tutahitaji pia michoro mipya, na hapa nawasihi tusikimbilie simba na twiga wa Serengeti. Mlima una habari zake. Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyekimbia kwao Nguu kwa sababu alikuwa kigego (mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu), akapanda Usambara, akawagawia watu nyama, akamuua simba na hatimaye akawekwa kuwa mtawala Vuga: Abdallah bin Hemedi aliisimulia kwa Kiswahili kitamu katika Habari za Wakilindi, na ukuta mrefu ungeibeba kwa picha sita au saba zinazofuatana kadiri mtu anavyotembea. Wazee wa Vuga waulizwe kwanza, kwani habari ni yao. Kuna vinyonga wetu wenye pembe. Kuna ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta huku mwaka 1892, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani, na leo linakaa kwenye madirisha ya nyumba za dunia nzima. Na kwa kuwa njia ya Irente inapita karibu na shule ya watoto wasioona, mchoro mmoja angalau uwe wa plasta iliyoinuliwa, unaosomeka kwa vidole, na watoto hao wawe wa kwanza kuukagua.

Fungu la fundi

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji wa ukuta sawa na mwandishi wa kitabu, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inampa haki ya kutajwa. Kwa hiyo jina lake liandikwe pembeni mwa mchoro, juu ya mkanda, hata kwenye kuta za zamani ambazo mchoraji wake bado yupo na anafahamika. Katika bei ya matembezi itengwe shilingi 2,000 kwa kila mgeni kwa ajili ya mafundi ambao kuta zao zimetembelewa, na mgeni aambiwe hivyo tangu mwanzo. Sehemu ya fedha hiyo inunue rangi ya kurudishia kuta kila mwaka masika yakiisha, ukuta ukishakauka, ili mwenye duka naye awe na sababu ya kukataa rangi ya bure ya kampuni. Makubaliano yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yasainiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, nakala moja kwa mwenye nyumba, moja kwa fundi, moja kwa chama cha waongoza watalii. Rasimu ya ukurasa huo nimeigawa pamoja na mada hii, na ningependa tuipitie kifungu kwa kifungu mchana huu, wakiwapo mafundi wenyewe.