Je, Petroli ya Bei ya Juu Hufika Mbali Zaidi?
Maelezo kwa wamiliki wa magari na madereva



Katika vituo vinavyouza petroli ya aina mbili, wateja wengi hutaka kujua kama ile ya bei ya juu hulipeleka gari mbali zaidi kwa kila lita. Kwa magari mengi jibu letu ni hapana.

Namba ya okteni haipimi nguvu iliyomo katika mafuta. Hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujiwasha. Ndani ya silinda, pistoni hugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha cheche ya plagi huuwasha. Sehemu ya mchanganyiko huo ikijiwasha bila kungoja moto wa plagi, injini hugonga, na dereva husikia mlio kama wa kokoto katika mkebe, hasa anapopanda mlima. Injini yenye mgandamizo mkubwa, au yenye tabo, huhitaji okteni ya juu ili isigonge. Ile isiyogonga kwa petroli ya kawaida haipati cha ziada.

Tufanye hesabu. Tuseme petroli ya kawaida ni shilingi 3,000 kwa lita na ya daraja la juu ni 3,300. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingepaswa kufika kilomita 13.2 ili mwenyewe arudishe fedha yake tu. Imani kwamba rahisi ni ghali tunaifahamu, lakini hapa haina kazi.

Yako magari ambayo ushauri huu hauyahusu. Ikiwa kitabu cha gari kinasema okteni ya juu ni lazima, itiwe hiyo. Magari mengi ya kisasa yana kihisio kinachotambua mgongo na kuchelewesha cheche. Injini husalimika, ila nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi. Hapo aliyenunua ya bei nafuu hajaokoa kitu.

Tahadhari zaidi inahitajika katika kusoma namba zenyewe. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na kibandiko cha kwenye kifuniko cha tangi huwa cha Kijapani. Ni vyema kitafsiriwe mapema. Kiwango cha Japani hutaka petroli ya kawaida iwe na okteni isiyopungua 89, na ya daraja la juu 96, kwa kipimo cha RON. Marekani huandika wastani wa vipimo viwili, hivyo 87 ya kule hukaribia RON 91 au 92. Mwenye gari la Marekani asilinganishe namba hizo moja kwa moja.

Shinikizo sahihi la matairi na mwendo wa wastani hupunguza ulaji wa mafuta bila gharama ya okteni.

Mwisho, gari lililozoea petroli ya kawaida likianza kugonga ghafla baada ya kujazwa, mwenyewe asikimbilie daraja la juu. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, na petroli iliyochanganywa nayo huweza kuleta mgongo huo. Tunaomba atunze risiti, asijaze tena kituoni hapo, na atoe taarifa kwa Mamlaka akitaja kituo, tarehe na saa aliyonunua.