Kitanda cha mashine kwa kokoto na gundi

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Katika sehemu yetu ya kazi za mikono, leo tunajibu barua ya kikundi cha mafundi wanaoishi katika makazi ya wakimbizi. Wanachomelea vyuma, wanatengeneza baiskeli, wanakarabati mashine za kusaga. Wamejiwekea akiba, na sasa wanauliza: je, fedha hizo wanunue gundi ya epoksi ili wajitengenezee mashine ya kukereza vyuma? Mzungumzaji wetu ni mwalimu wa ufundi wa mitambo. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Asante sana. Salamu kwenu nyote mnaotusikiliza, na salamu za pekee kwa mafundi walioandika.

Ndugu zangu, barua yenu nimeisoma mara mbili. Mnasema shafti ya mashine ya kusaga ikilika, au bushi ikipasuka, lazima kipande kipelekwe mjini, na siku zote hizo akina mama wanabeba mahindi kichwani hadi kwenye kinu cha mbali. Kwa hiyo mashine ya kukereza kwenu si anasa. Lakini fedha mnazozitaja ni za watu wengi, na gundi ikishachanganywa hairudi dukani. Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe.

Mashine ya kukereza ina kitanda, yaani ule mwili mrefu unaobeba kila kitu. Kitanda kikitetemeka, kisu kinaruka juu ya chuma na kuacha mawimbi, na shafti inatoka si ya duara. Ndiyo sababu viwandani kitanda hufanywa kwa chuma cha kusubu, kizito na kigumu. Chuma hicho kinahitaji tanuri kubwa, kisha mashine nyingine kubwa ya kukinyoosha. Nani kati yetu ana hayo?

Njia nyingine ni ya mawe. Huko Uswisi, kampuni ya Studer inayotengeneza mashine za kusaga vyuma kwa jiwe la kunolea ilianza katika miaka ya 1970 kumimina vitanda vyake kwa mawe madogo yaliyoshikwa na epoksi, ikaviita Granitan. Hawakufanya hivyo kwa umaskini. Walitaka kitu kinachozima mtetemo, na mchanganyiko huo huuzima vizuri kuliko chuma cha kusubu, mara kadhaa zaidi. Gonga kengele ya chuma, italia. Gonga kipande cha mawe na epoksi, utasikia "pu", basi.

Ila kuna bei yake, na hapa wengi hujidanganya. Mchanganyiko huo una takriban theluthi moja tu ya ugumu wa chuma cha kusubu. Ukiiga umbo la kitanda cha chuma, unene ule ule, utapata mashine inayopinda. Ni lazima uunenepeshe. Bahati nzuri uzito wake nao ni kama theluthi moja, kwa hiyo kwa uzito ule ule unapata mwili mnene mara tatu, na unene ndio unaozuia kupinda kuliko kitu kingine chochote. Msitengeneze kitanda chembamba cha kupendeza. Tengenezeni gogo.

Sasa mchanganyiko. Gundi ni ghali, mawe ni rahisi. Kazi yote ya fundi ni kupanga mawe yakae karibu karibu ili gundi ijaze nafasi ndogo tu zinazobaki. Chukueni kokoto kavu za ukubwa wa punje ya mahindi, mjaze chombo cha lita 10, mkitikise, halafu mmimine maji mpaka yafike juu huku mkipima. Yataingia kama lita 4. Hizo ni lita 4 za gundi ambazo mngezinunua! Rudieni na kokoto mpya kavu, safari hii mkichanganya mchanga mkubwa na mchanga laini. Anzeni na sehemu 6 za kokoto, 3 za mchanga na 1 ya unga wa mawe kwa uzito, mbadilishe kidogo kidogo. Mkifika mahali maji yanaingia lita 2 na nusu au pungufu, mmepata. Kwa mafundi wa nyumbani hiyo huwa karibu asilimia 12 ya gundi kwa uzito. Viwandani wanashuka chini zaidi kwa sababu wana mitambo mikali ya kutetemesha. Ninyi msijaribu kushindana nao, maana gundi ikipungua mno mawe hayashikani.

Mawe gani? Granite nzuri, au mawe meupe magumu yale ya kwarzi. Walioko Goma watauliza kuhusu mawe ya Nyiragongo, maana yako kila mahali tangu mlipuko wa 2002, na ule wa 2021 ukaongeza mengine. Lile jiwe jepesi lenye matundu kama mkate, liacheni. Linanywa gundi kama sifongo. Likiwa zito, limefungamana, halina matundu, linafaa. Mchanga wa mto unafaa ukioshwa udongo wote utoke, kisha ukaukaukwe juani siku kadhaa juu ya mabati. Nasisitiza kukauka. Saruji hupenda maji, epoksi huyachukia.

Na wale akina mama wanaovunja kokoto kwa nyundo kando ya barabara, mkinunua kwao, waambieni wamwagie mawe maji kabla ya kugonga. Vumbi la mawe ya kwarzi linaingia mapafuni na halitoki. Ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Hata ninyi, mnapochekecha unga wa mawe, fanyeni nje, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa ya vumbi usoni. Kitambaa cha kanga hakitoshi.

Kalibu tengenezeni kwa mbao au plaiwudi, ndani mpake nta tabaka tatu, kila moja ikauke na kusuguliwa. Bila nta, mbao na kitanda vitakuwa kitu kimoja milele. Ndani ya kalibu pangeni nati na vyuma ambavyo baadaye mtafungia reli na injini. Vyuma hivyo visuguliwe kwa msasa mpaka ving'ae, vifutwe mafuta yote, na viwe na mikono au ndoano za kushika ndani ya mawe, kwa sababu huwezi kutoboa tundu la bolti kwenye kokoto ukategemea litakaa. Kama kuna chuma cha kuchomelea, chomeleeni kabla ya kumimina. Ukichomelea baadaye, gundi inaungua ndani, inatoa moshi wa sumu na kuachia chuma.

Epoksi ina sehemu mbili, gundi yenyewe na dawa ya kuigandisha. Pimeni kwa mizani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Msiongeze dawa mkidhani itaganda haraka. Ukizidisha, inabaki laini miaka yote. Changanyeni kidogo kidogo, kwa sababu ndoo nzima ya gundi tupu inajipasha moto yenyewe mpaka inafuka moshi. Ikishakorogwa vizuri, mwagieni kwenye mawe mara moja, mgeuze kwa koleo mpaka kila kokoto ing'ae. Halafu shindilieni ndani ya kalibu kwa matabaka, mkigonga kando kwa nyundo ya mpira au kufunga injini ndogo inayotetemeka kwenye mbao. Viputo vya hewa vitapanda juu. Acheni siku 7 kivulini kabla ya kukifanyisha kazi. Gundi ya kawaida ya aina hii hulainika ikipata joto kali, kwa hiyo hata baadaye mashine isikae juani.

Ngozi nayo. Epoksi mbichi leo haikuumi, kesho haikuumi, siku moja mikono inavimba na kuwasha, na kuanzia hapo hutaweza tena kuikaribia maisha yako yote. Vaeni glavu za mpira na mikono mirefu. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji, kamwe si kwa petroli wala tina, maana hizo zinaisukuma ndani ya ngozi. Watoto wakae mbali. Na madumu yakiisha gundi, yatoboeni. Najua jinsi dumu linavyotafutwa kambini. Dumu hilo lisitekewe maji wala kuwekwa mafuta ya kula.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Mwalimu, wenzetu wanataka jibu. Wanunue au wasinunue?

MWALIMU: Tupige hesabu. Kitanda kidogo cha urefu wa sentimita 50, upana 40 na kimo 10 ni lita 20. Kitakuwa na kilo 46 hivi, na ndani yake karibu kilo 5 na nusu ni epoksi. Hicho ni kitako cha mashine ya kutobolea tu. Kitanda cha kukereza shafti ya mashine ya kusaga kitataka mara tano, sita ya hapo. Ulizeni bei ya kilo moja mjini, mzidishe, mtaona akiba yenu inakwenda wapi. Tena kitanda si mashine. Bado hamjanunua kichwa cha kushikia kazi, beringi, skrubu ndefu na injini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mwili mkubwa ufanyeni kwa saruji na nondo. Jambo hilo lilishafanyika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mashine za kukereza makombora zilipokosekana, mhandisi Mmarekani Lucien Yeomans alitengeneza kubwa kubwa kwa zege. Vyuma alivipanga mahali pake sawasawa, kisha akamimina madini ya kuyeyuka kuvishika pale pale. Kazi ilikuwa ya vita, lakini akili ni akili. Karibu miaka mia moja baadaye Pat Delany wa Texas, aliyekuwa ameshabuni mashine ya kutengenezwa kwa bloku za injini chakavu, aliirudia njia hiyo ya zege akiwafikiria mafundi wa nchi maskini.

Zege limwagiliwe maji wiki ya kwanza, liachwe siku 28, likauke, lipakwe rangi lisinywe unyevu. Kisha ndipo mnunue epoksi, kilo moja au mbili tu, mchanganye na unga wa mawe iwe kama uji mzito, mkalishe reli za chuma juu yake. Reli zilazeni chini ya kioo kinene cha dirisha, cha milimita 10, kilichopakwa nta na kuwekwa sawa kwa pima maji. Kioo cha kiwandani kimenyooka kuliko kitu chochote mtakachokipata sokoni. Uji ukiganda, reli zinabaki zimefuata kioo.

Kabla ya hayo yote, mimineni tofali moja la majaribio la epoksi na kokoto, la lita moja. Livunjeni kwa nyundo baada ya wiki. Ufa ukipita katikati ya mawe yenyewe, mnajua kuchanganya. Kokoto zikichomoka zikiwa safi, hazikuwa kavu au gundi haikutosha, na hapo mmepoteza robo kilo ya gundi badala ya akiba ya watu wote.

Na mkiwasha mashine, mkanda na magurudumu yake yafunikwe kwa bati siku ya kwanza, si baadaye. Nguo ndefu na mikono iliyolegea isikaribie.

MTANGAZAJI: Mafundi mlioandika, mkishavunja tofali hilo, tuandikieni lilivyopasuka. Wiki ijayo, katika sehemu hii hii, barua ya mama mmoja anayeuliza namna ya kuhifadhi maharage yasiingiwe na wadudu.

(Muziki wa kipindi.)