Maombi na Dawa Havigombani

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Rhotia

(Mwalimu: kabla ya somo, andika ubaoni maneno haya manne: UPAKO, USHUHUDA, SADAKA, DOZI.)

Je, maneno manne yameandikwa ubaoni? Vema. Yasomeni pamoja kwa sauti, kisha tuendelee.

Somo la leo ni zito kidogo, kwa sababu linagusa imani. Mimi ni kama mtoto wenu, sikuja kumcheka mtu kwa namna anavyosali. Nataka kusema neno moja tu: mtu anayekuombea hana haki ya kukunyang'anya dawa yako.

Kwanza tujue kwamba uamsho si jambo geni. Katika miaka ya 1930 ulianza uamsho mkubwa huko Gahini, nchini Rwanda. Ukaenea Uganda na Kenya, na kwetu ukaingia kwa njia ya Bukoba. Watu wake waliungama dhambi zao hadharani. Aliyekuwa ameiba alirudisha mali ya watu. Basi majirani walimjua mtu aliyeokoka kwa matendo yake.

Siku hizi tunaona na mambo mengine. Katika mikutano fulani huuzwa mafuta na maji ya upako. Watu huambiwa watoe sadaka kubwa, iitwayo mbegu, ili wavune utajiri. Na wengine huambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Si makanisa yote ya uamsho yafanyayo hivyo. Wapo wachungaji wa makanisa hayo hayo wanaoyakemea mambo haya.

Tazameni yaliyotokea Moshi. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, umati wa watu ulikuwa mkutanoni katika uwanja wa Majengo. Mhubiri aliwaita wapite mahali palipomwagwa mafuta ya upako, wayakanyage. Wote wakaukimbilia mlango mmoja. Waliotangulia wakaanguka, waliofuata wakawakanyaga. Watu 20 walikufa, na watoto walikuwamo. Kila mtu aliogopa kuachwa nyuma, na katika haraka ile hakuna aliyeweza kusimama.

Sasa tutazame karibu na kwetu, kijiji cha Samunge, Loliondo, katika wilaya jirani ya Ngorongoro. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alisema ameoteshwa dawa na Mungu. Alichemsha mizizi ya mti uitwao mugariga, akatoa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Bei hiyo ilikuwa ndogo, hata maskini aliweza kuilipa. Watu walitoka pande zote za Tanzania na nchi za jirani. Magari yalipanga mstari wa kilometa nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani kabla ya kukifikia kikombe. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021. Hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI wala kisukari. Lakini walikuwako watu waliokunywa, wakaamini wamepona, wakaacha dawa za hospitali, na hali zao zikawa mbaya.

Pengine mtaniuliza: Mbona tunasikia shuhuda nyingi za watu waliopona? Hapa yafaa tufikiri taratibu. Tuseme mama mmoja anaugua kifua kikuu. Dawa yake kwa kawaida ni ya miezi 6, nayo hutolewa bure. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, nguvu hurudi, anaanza tena kupalilia maharage yake. Katika siku hizo hizo anakwenda mkutanoni, anapakwa mafuta, anasimama mbele ya watu na kusema, "Nimepona!" Hasemi uongo, maana kweli anajisikia vizuri. Ila vijidudu vya ugonjwa bado vimo kifuani. Akiacha dozi, ugonjwa hurudi, na safari hii dawa ile ile huenda isiuweze tena. Watoto wanaolala naye chumba kimoja wamo hatarini. Na siku anayozidiwa, hakuna amwitaye tena mbele kutoa ushuhuda.

Wala msidhani kwamba hospitali ni adui wa dini. Hospitali ya Karatu ni ya Walutheri. Ile ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ni ya Walutheri pia. Makanisa yenyewe yalijenga hospitali, yakaweka waganga na dawa, na wagonjwa huombewa papo hapo wodini. Basi, ndugu yangu, omba, na meza dawa.

Ukialikwa mkutanoni, jiulize maswali haya manne:

1. Je, naambiwa niache dawa au nisiende hospitali?
2. Je, baraka hii inauzwa? Nikiwa sina fedha nitaombewa?
3. Je, naruhusiwa kuuliza swali, au mwenye kuuliza huitwa adui?
4. Je, mahali hapa pana milango ya kutosha, na watoto watatokaje watu wakisukumana?

Asemaye anakuombea mema hataogopa maswali haya. Na ikiwa umekwisha acha dawa, usione haya. Rudi kituo cha afya kesho asubuhi, mweleze mganga siku ulizoruka. Kazi yake ni kukusaidia.

Kazi ya darasani: Someni tena habari ya mama mwenye kifua kikuu. Kisha kila mtu aandike sentensi mbili: jirani yako akikuambia ametupa dawa zake, utamwambia nini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.