Kelele Ile ya Alfajiri

Leo tutafikiri juu ya jambo ambalo wenye magari wanalijua vizuri, na wasio na magari hulisikia kwa jirani: kelele kubwa gari linapowashwa.

Huku kwetu pwani ya kusini, kutoka Likoni mpaka Diani, na kutoka huko mpaka Msambweni, upepo wa bahari huleta chumvi. Chumvi hiyo huingia chini ya boneti ikala vichwa vya betri, hupita chini ya gari ikatoboa bomba la moshi. Kwa hiyo gari likilia alfajiri, si ajabu. Neno ni hili: Je, tutalisikiliza, au tutaongeza sauti ya redio?

Kila kelele ina habari yake. Ukisikia tak-tak-tak na injini haigeuki, washa taa kubwa, kisha jaribu tena. Taa zikififia, betri imechoka au vichwa vyake vimeshika kutu. Zima kila kitu, usivute sigara karibu, kwa maana betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Fungua kwanza waya wa hasi, halafu wa chanya. Safisha vichwa kwa brashi na maji yaliyotiwa magadi, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kisha paka grisi. Lakini taa zikibaki na nguvu zake, huenda ubovu uko kwenye stata yenyewe.

Ukisikia krrrr, kama chuma kinasagwa, jua kwamba kuna meno yasiyokutana. Stata ina gurudumu dogo lenye meno, nalo hushika meno ya gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Meno yakilika, au bolti za stata zikilegea, ndipo hukwaruzana. Mpelekee fundi mapema. Stata hufunguliwa kwa muda mfupi, lakini meno ya flaiwili yakiharibika, mara nyingi hubidi gia boksi yote ishushwe.

Mlio mwembamba kama wa filimbi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Ngurumo kubwa ni bomba la moshi lililotoboka. Usiliwashe gari hilo ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Na mgongo mzito wa kong-kong ndani ya injini, zima mara moja ukapime oili. Taa nyekundu ya oili isipozimika, usiendeshe.

Basi, tumfikirie dereva mmoja akaaye Kwale mjini, kule juu vilimani. Stata yake inakwaruza kila siku, lakini yeye amejipatia dawa. Jioni huegesha gari kwenye mteremko. Asubuhi huliachia, likishika mwendo huingiza gia, injini ikawaka. Fundi humwambia, "Mzee, stata hii imekwisha." Naye hujibu, "Wacha, fundi. Mbona natembea?"

Kweli anatembea. Lakini mteremko haukuiponya stata. Umeuficha ugonjwa wake tu. Usiku mmoja jirani anapiga hodi. Mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa, naye ameambiwa apelekwe hospitali ya Msambweni. Gari linashuka vizuri mpaka Ukunda. Hapo dereva anazima injini ili atie petroli. Akipiga stata, krrrr, halafu kimya. Ndugu yangu, Ukunda ni tambarare. Hakuna mteremko. Ni usiku wa manane, na mama anaugua kiti cha nyuma. Nani atasukuma?

Tazameni, wapendwa: kelele ilikuwa ya dereva, lakini taabu imemfikia mama ambaye hakuwahi kuisikia. Ndivyo yalivyo mambo tunayoyaficha. Mara nyingi anayelipa si yule aliyeziba masikio, bali ni yule aliyemwamini akapanda.

Na sisi tunayo miteremko yetu. Baba ana deni ambalo mama watoto halijui, naye hukopa huku akalipe kule. Kila mwezi anatembea, mpaka siku mtoto anaporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mwingine hasira yake imewanyamazisha wote nyumbani, naye anauita ukimya huo amani. Wazee walituambia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao hawakuwa na magari.

Mtunga Zaburi alimwomba Mungu amchunguze, aujue moyo wake. Hayo ni maombi ya mtu ambaye hakuikimbia sauti. Fundi hawezi kutengeneza gari ambalo mwenyewe anasema halina kitu. Hali kadhalika, moyo usiokiri ubovu wake haupati kuponywa.

Kwa hiyo nakuachia kazi ya leo. Ukienda kuwasha gari lako, zima redio, fungua dirisha, upige stata, usikilize. Ukisikia neno, usimwambie fundi tu, "Linapiga kelele." Mweleze ni sauti gani, inatoka wapi, ni wakati injini ikiwa baridi au moto, na ilianza lini. Maelezo ya kweli ni nusu ya matengenezo.

Na kama huna gari, kaa kitako dakika chache na mtu wa nyumbani mwako, umwulize: "Ni jambo gani umekuwa ukiniambia, nami sisikii?" Kisha nyamaza, umwache aseme.

Bwana atupe masikio ya kusikia wakati bado kuna nafasi ya kutengeneza. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.