Mfuko wa Hewa Garini: Unavyookoa na Unavyoweza Kudhuru

Maelezo kwa madereva na wenye magari



Magari mengi tunayoendesha yalitumika kwanza Japani. Tazama katikati ya usukani: ukiona herufi SRS, chini yake pana mfuko wa nailoni uliokunjwa na kikopo cha chuma chenye kemikali.

Gari likigonga kwa kishindo, vitambuzi hung'amua kwamba mwendo umekatika ghafla. Kompyuta ndogo hutuma umeme kwenye kikopo, kemikali huwaka na gesi hujaza mfuko. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu kuliko hayo yote. Kisha gesi hutoka kupitia matundu, mfuko ukilegea na kumpokea mtu.

Nguvu hiyo inayookoa inaweza pia kuumiza. Mfuko ni msaidizi wa mkanda, si badala yake. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele na kukutana na mfuko ungali unafumka. Dereva, fungeni mkanda na kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Watoto wakae nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi.

Lipo jambo jingine. Kampuni ya Takata ya Japani ilijaza vikopo vyake kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Vingine vilipasuka na kurusha vipande vya chuma, na watu wakafa, wakiwemo wa Marekani na Malaysia. Mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengineyo yaliitwa yabadilishwe vikopo. Gari la mtumba huenda liliuzwa kabla ya kubadilishwa, na joto na unyevu wa Pwani tunaujua. Chukua nambari ya chesisi, uulize kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza.

Mwisho, angalieni taa ya SRS kwenye dashibodi. Ukiwasha gari, iwake sekunde chache, kisha izime. Isipozima, pana hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa ili kuficha hitilafu. Mnunuzi wa gari akague hilo kabla ya kulipa. Mfuko uliokwisha kufumka haukunjwi ukarudishwa. Hubadilishwa wote, na fundi anayeujua.